Bunduki ya kwanza ya kuwindia kulungu Marekani kwa dola 600

Msimu wa kulungu ukikaribia, maswali huwa yale yale. "Nina dola mia tano, ninunue bunduki gani?" "Mimi nina grinikadi tu, naruhusiwa?" "Eti nikinunua vipande nikaunganisha mwenyewe itakuwa nafuu?" Wanaouliza ni ndugu zetu walioko Texas, Ohio, Minnesota na kwingineko, ambao wamealikwa porini na wenzao wa kazini na hawataki kwenda mikono mitupu. Waliotoka Kenya huwa wageni zaidi wa mambo haya, maana kule uwindaji ulipigwa marufuku tangu mwaka 1977, na mtu anaweza kuzeeka bila kuona bunduki isipokuwa begani kwa askari.

Jibu langu halijabadilika. Nunua bunduki ya bolti (ile unayovuta kitasa kwa mkono kuingiza kila risasi) iliyokwishatumika, yenye risasi zinazouzwa kila mahali, na isile zaidi ya nusu ya pesa ulizonazo. Nusu iliyobaki ina kazi zake, nitazitaja. Usiunde. Na kabla ya kuingia dukani, panga karatasi zako.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kitambulisho cha jimbo au leseni ya udereva yenye anwani unapoishi sasa. Kama ulihama na hukubadilisha anwani, kabadilishe kwanza, au beba hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, kama usajili wa gari. Sanduku la posta halikubaliwi. Grinikadi kama si raia. Cheti cha mafunzo ya uwindaji na leseni ya kuwinda ya jimbo lako. Mahali pa kufungia bunduki nyumbani kabla haijafika nyumbani.

Kisha pesa. Dola 600 nazigawa hivi, kwa makadirio:

- Bunduki iliyotumika: 300
- Darubini: 120
- Vishikizo vya darubini: 35
- Risasi, makasha mawili ya 20: 70
- Fimbo ya kusafishia, mafuta, vitambaa: 25
- Vifunika masikio na miwani ya kinga: 25
- Zinazobaki, 25: ada ya uwanja wa shabaha na kufuli

Leseni ya kuwinda na kodi ya mauzo sijaziweka kwa sababu kila jimbo lina viwango vyake. Kwa mkazi wa Texas leseni ya kawaida ni dola 25. Asiye mkazi hulipa mara nyingi zaidi ya hapo. Ukiona mtu amenunua bunduki ya dola 580 akabaki na 20, ujue huyo atakwenda porini na bunduki ambayo hajawahi kuijaribu.

Hatua ya 1: Hakikisha sheria inakuruhusu

Hapa sitaenda haraka, maana kosa la hapa halirekebishwi kwa pesa.

Kwa sheria ya shirikisho, duka lenye leseni linaweza kumuuzia bunduki ndefu (si bastola) mtu wa miaka 18 na kuendelea. Majimbo na maduka yanaweza kupandisha umri huo: Walmart, kwa mfano, tangu 2018 haiwauzii walio chini ya miaka 21. Mwenye grinikadi anaruhusiwa kununua. Aliye kwenye viza ya muda, iwe ya masomo, kazi au utalii, amezuiwa, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache, na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa Marekani. Kama uko kwenye kundi hilo, au ni mkimbizi ambaye grinikadi yake bado haijatoka, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kugusa fomu yoyote. Usimsikilize mtu wa baraza la chai, hata kama ameishi huku miaka ishirini.

Wanaozuiwa kabisa ni pamoja na waliowahi kuhukumiwa kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi mwaka mmoja jela, waliopatikana na hatia ya kumpiga mwenza hata kama mahakama ililiita kosa dogo, na walio chini ya amri ya mahakama ya kutomkaribia mwenza. Na wavuta bangi. Hili huwashangaza wengi: jimbo lako linaweza kuwa na maduka ya bangi kila kona, lakini sheria ya shirikisho bado haiitambui ruhusa hiyo, na fomu ya dukani (Hatua ya 7) inakuuliza waziwazi.

Majimbo mengine yanataka kadi au kibali kwanza. Illinois huwezi kumiliki bunduki wala risasi bila kadi ya FOID, kitambulisho cha jimbo cha mwenye silaha. New Jersey na Massachusetts nazo zina vibali vyao. Ingia tovuti ya polisi wa jimbo lako usome mwenyewe.

*Tahadhari kubwa.* Usimtume kaka, shemeji au rafiki mwenye uraia akununulie bunduki kwa pesa zako. Hata kama wewe mwenyewe unaruhusiwa kununua, hilo ni kosa, na kama anayenunuliwa amezuiwa kumiliki, tangu sheria ya 2022 linaweza kumfunga mtu hadi miaka 15. Zawadi ya kweli, mtu kwa pesa zake na hiari yake kwa ndugu anayeruhusiwa kumiliki, ni jambo tofauti. Kumpa mtu bahasha aende kaunta kwa niaba yako si zawadi.

Hatua ya 2: Soma kanuni za kulungu za jimbo lako

Usinunue bunduki kabla ya hatua hii. Si kila jimbo linaruhusu risasi yoyote kwa kulungu. Ohio, kwa mfano, hairuhusu risasi zenye shingo nyembamba kama .308 (namba hizi ni majina ya aina za risasi), inataka zile ambazo ganda lake limenyooka, kama .350 Legend, .450 Bushmaster au .45-70. Iowa nayo ina kanuni za namna hiyo. Mtu ananunua .270 nzuri sana mtandaoni kwa bei ya kutupa, halafu anaambiwa na jirani kwamba katika kaunti yao haina ruhusa.

Soma pia kuhusu nguo za rangi ya chungwa, saa za kuwinda na mafunzo. Texas inayataka mafunzo kwa aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye. Minnesota kwa aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1979. Majimbo mengi yanatoa kozi hiyo mtandaoni kwa watu wazima. Ifanye kwa makini hata kama unaona umri wako umekusamehe.

Hatua ya 3: Chagua risasi kabla ya bunduki

Bunduki unanunua mara moja, risasi unanunua kila mwaka. Kwa hiyo swali la kwanza ni: duka dogo la kijijini, siku moja kabla ya msimu, litakuwa na risasi gani kwenye rafu?

Kama jimbo lako halina vizuizi, majibu ni machache. .308 Winchester na .30-06 Springfield ziko kila mahali. .30-06 ilitoka mwaka 1906 na bado haijakosa mnunuzi; teke lake, yaani namna inavyosukuma bega ukipiga, lina nguvu zaidi kidogo kuliko la .308. .270 Winchester ni ya mwaka 1925, inakwenda moja kwa moja na haisumbui sana bega. 6.5 Creedmoor ni kijana wa 2007, teke lake laini, risasi zake zimejaa madukani. .243 Winchester ndiyo nampa mtu mwembamba au anayeogopa teke. Kwa msitu mnene ambako hupati nafasi ya kupiga mbali, .30-30 ya zamani bado inaangusha kulungu kama ilivyokuwa ikifanya tangu 1895.

Epuka majina marefu yenye neno "Magnum". Bunduki hizo zilizotumika huuzwa rahisi kwa sababu: mwenyewe amechoka na bega lake, na kasha la risasi linamuuma mfukoni. Kulungu wa kawaida hahitaji hayo yote.

Hatua ya 4: Jua majina ya bunduki za bei nafuu

Ukizijua hizi hutababaishwa na muuzaji.

Savage Axis ilitoka mwaka 2010 na ndiyo mfalme wa bei ya chini. Kitako chake cha plastiki kina sura ya kimaskini, na triga ya zile za mwanzo ni nzito, lakini mtutu wake hupiga vizuri kuliko bei yake. Axis II ina triga ya kurekebishika. Kama tofauti ni dola 50, chukua hiyo.

Ruger American, ya mwaka 2012, iko ngazi moja juu. Ukiipata iliyotumika kwa dola 350 hadi 400 na ni safi, usijadiliane sana. Mossberg Patriot na Remington 783 ni za daraja hilohilo, na kwa sababu hazina jina kubwa, zikitumika hushuka bei upesi. Stevens 200 haitengenezwi tena, lakini ni Savage 110 iliyovuliwa mapambo. Ukiikuta duka la rehani, itazame mara mbili.

Remington 770 na ile iliyoitangulia, 710, sizipendekezi. Bolti yake inakwaruza, na si rahisi kuirekebisha. Remington 700 ni bunduki nzuri ya tangu 1962, ila uliza kuhusu triga: mwaka 2014 kampuni iliziita kiwandani zile zenye triga ya X-Mark Pro zilizotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014, kwa sababu zingeweza kufyatuka bila kuvutwa. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha kwamba triga ilishughulikiwa, mwachie.

Halafu kuna Mosin-Nagant, ile ya Kirusi ya vita. Kila mwaka kuna anayesikia kwamba inauzwa dola 100. Iliuzwa hivyo zamani. Leo bei yake imefika ya Axis, ina urefu wa karibu mita moja na robo, ina uzito wa kilo nne bila darubini, na kuifunga darubini ni kazi ya fundi. Inunue kwa mapenzi ya historia, si kwa kuokoa pesa.

Kuhusu kuunda mwenyewe

Hesabu haikubali, ndiyo sababu sikuiweka kama hatua. Mtutu peke yake waweza kufikia bei ya Axis nzima iliyotumika. Ongeza kitako, triga, vipimo vya kuhakikisha risasi inakaa sawasawa kwenye chemba (pale risasi inapolala nyuma ya mtutu), na koleo maalumu ambalo utalitumia siku moja. Kiwanda kinanunua chuma kwa tani. Wewe unanunua kipande kimoja kimoja na kulipia usafiri wa kila kimoja. Na chemba isiyo na kipimo sahihi inaweza kupasua ganda mbele ya uso wako. Wanaounda hufanya hivyo kwa sababu wanapenda kuunda. Anayetaka nyama kwenye friza anunue iliyokamilika.

Hatua ya 5: Tafuta mahali sahihi na wakati sahihi

Wakati mbaya kuliko wote ni Oktoba na Novemba, kila mtu anataka. Wakati mzuri ni Januari hadi Machi: msimu umekwisha, bili za sikukuu zimefika, na watu wanauza. Kama unasoma haya msimu ukiwa mlangoni, azima ya rafiki mtakayekuwa naye bega kwa bega, pale sheria ya jimbo inaporuhusu, ununue ya kwako msimu ukiisha.

Anza na maduka madogo ya silaha. Waambie kiasi ulichonacho bila haya. Muuzaji mwenye busara anajua mteja wa dola 300 leo atarudi kununua risasi miaka kumi. Maduka ya rehani yana bahati nasibu yake, bei iliyoandikwa pale ni ya kuanzia mazungumzo. Minada ya mtandaoni kama GunBroker ina kila kitu, lakini bunduki haiji mlangoni kwako. Inatumwa kwa duka lenye leseni karibu nawe, unajaza fomu pale, unalipa ada ambayo mara nyingi ni kati ya dola 20 na 50. Ongeza na gharama ya kusafirisha, na ile "bei ya kutupa" mara nyingi huwa imekwisha.

Kununua kwa mtu binafsi kunaruhusiwa katika majimbo mengi, si yote, na kamwe si kwa mtu wa jimbo jingine bila kupitia duka. Mimi namshauri mgeni apitie duka hata pale asipolazimika. Ada ile ya dola 30 inakupa karatasi, na kwa mtu ambaye bado ana safari ya uraia mbele yake, karatasi ni kinga.

Hatua ya 6: Kagua kabla ya kutoa pesa

Omba ruhusa kwanza. Sema, "Naweza kuikagua?" kisha fungua bolti, tazama chemba kwa macho, ingiza na kidole. Mdomo wa mtutu usielekee mtu hata mara moja. Wauzaji wanakupima kwa namna unavyoshika bunduki kama wewe unavyowapima kwa bei.

a) Toa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga, chungulia. Unataka kuona mifereji inayozunguka, imeng'aa, kingo zake zimechongoka. Madoa meusi kama tundu za sindano ni kutu iliyokula ndani. Ukiona pete ya giza mahali fulani katikati, mtutu umevimba; rudisha bunduki, aga, ondoka.

b) Tazama mdomo wa mtutu. Jeraha au mkwaruzo pale mwishoni huharibu shabaha kuliko mkwaruzo wowote wa kitako.

c) Kitako kikaguliwe nyuma ya triga na pale kiganja kinaposhika. Ufa hapo utaongezeka kila ukipiga. Mikwaruzo ya nje ipuuze, tena ifurahie, ndiyo inayokupunguzia bei.

d) Jaribu sefti. Bunduki ikiwa tupu, na kwa ruhusa ya muuzaji, vuta bolti, weka sefti, vuta triga. Isifyatuke. Achia triga, kisha ondoa sefti bila kugusa triga. Ikifyatuka wakati huo, hiyo bunduki ni ya hatari, hata ikigawiwa bure. Funga bolti tena na ugonge kitako kwa kiganja, isifyatuke.

e) Chunguza skrubu zote. Skrubu zilizoliwa vichwa zinasema fundi wa mwisho alikuwa na bisibisi ya jikoni, na pengine alifika ndani ya triga pia.

f) Namba ya bunduki isomeke vizuri. Ikiwa imekwanguliwa, usiulize maswali mengine. Kuimiliki tu ni kosa.

g) Uliza kama magazini, kile kisanduku cha risasi, ipo. Magazini mpya ya Axis au Ruger itakula dola 30 hadi 50 za bajeti yako, na wauzaji wengi hukaa kimya.

Darubini iliyofungwa juu ya bunduki ya zamani ihesabu kuwa haina thamani mpaka ithibitike. Ikifanya kazi, ni heri.

Hatua ya 7: Jaza Fomu 4473

Dukani utapewa fomu hiyo ya shirikisho. Soma kila swali. Wengi hukimbiza kalamu kwa kuogopa foleni au kuonekana hawajui Kiingereza. Chukua muda wako.

Panapoulizwa uraia, andika nchi ya uraia wako wa sasa. Kama hujaapishwa kuwa raia wa Marekani, usiandike Marekani, hata kama ombi lako limekubaliwa na unangoja tarehe ya kiapo. Kudai uraia usio nao kunaweza kukufukuzisha nchini, na "nilidhani" haisaidii. Asiye raia huandika pia namba yake ya uhamiaji, ile iliyo kwenye grinikadi. Panapoulizwa kama wewe ndiye mnunuzi halisi, jibu la kweli ni lile linalolingana na mfuko uliotoa pesa.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, majina yote matatu au manne. Kisha duka linawasiliana na mfumo wa FBI wa kuchunguza wanunuzi, unaofanya kazi tangu 1998, au na ofisi ya jimbo, na jibu huwa moja kati ya matatu: endelea, subiri, au hapana. Ya "subiri" nitaieleza chini, maana inatupata sana watu wetu.

Hatua ya 8: Funga darubini

Darubini ya 3-9x40 (inakuza mara 3 hadi 9, kioo cha mbele milimita 40) inatosha kulungu wote utakaowaona. Vortex Crossfire II na Leupold iliyotumika ni chaguo salama, kwa sababu kampuni zote mbili hutengeneza darubini zao bila kuuliza kama wewe ndiye mnunuzi wa kwanza. Darubini isiyo na jina ya dola 40 itakaa sawa mpaka siku ya baridi kali, basi.

Nunua vishikizo vya bunduki yako hasa; tundu za Axis na za Ruger si moja. Safisha mafuta kwenye skrubu, kaza msingi (kipande cha chini kinachoshika bunduki) kwanza, laza darubini, kisha shika bunduki begani ukiwa umefumba macho. Fumbua. Kama unaona duara kamili bila kunyoosha shingo, ndipo mahali pake. Acha inchi tatu na nusu hivi kati ya jicho na kioo. Ukiisogeza karibu sana, teke la kwanza litakuchora nusu duara juu ya nyusi. Kaza vifuniko vya juu kwa kupokezana, kidogo hapa kidogo pale, usikaze kama nati za gurudumu.

Hatua ya 9: Weka shabaha

Nenda uwanja wa shabaha, vaa vifunika masikio na miwani, weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga. Anza yadi 25, si 100. Toa bolti, chungulia ndani ya mtutu mpaka uone kitovu cha shabaha katikati, kisha, bila kuitikisa bunduki, zungusha vitufe vya darubini mpaka msalaba ukae palepale. Hapo umeokoa risasi nyingi.

Rudisha bolti, piga moja. Vitufe vingi husogeza pigo robo inchi kwa yadi 100 kila mlio mmoja, yaani "tik" moja ya kitufe. Kwa yadi 25 mlio huo unasogeza robo ya hapo, kwa hiyo inchi moja ni milio 16. Mtu asiyejua hili huzungusha milio minne, haoni badiliko, anailaumu darubini.

Ukigonga katikati, nenda yadi 100. Piga tatu kwa utulivu, acha mtutu upoe, pima kitovu cha hizo tatu, rekebisha: sasa inchi moja ni milio minne. Usirekebishe baada ya risasi moja moja, utafukuza kivuli chako. Malizia inchi moja na nusu juu ya kitovu, na kwa .308 au .270 utakuwa salama mpaka karibu yadi 200.

Tatu zako zikikaa ndani ya inchi mbili, funga virago. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu ni kama inchi nane. Watu wanaobishana kuhusu nusu inchi wanapiga karatasi, nao wana raha yao.

Kasha la pili la risasi limalizie kwa kupiga ukiwa umekaa, umepiga goti, umeegemea mti. Porini hakuna meza.

Nyumbani: bunduki tupu, imefungwa, risasi zimefungiwa mahali pengine, ufunguo hauko juu ya friji ambako kila mtoto anajua. Maduka huuza bunduki mpya na kufuli la waya. Ukinunua iliyotumika, liombe.

Mambo yakienda kombo

*Risasi zinatawanyika kama marisau.* Kagua skrubu za vishikizo, kisha za msingi, kisha mbili zinazoshika kitako. Hapo ndipo kwenye tatizo mara nyingi. Zikiwa sawa, safisha mtutu vizuri, jaribu risasi za kampuni nyingine au uzito mwingine; bunduki za bei nafuu huchagua chakula. Darubini ibadilishe mwisho, ukiazima ya rafiki kwa majaribio.

*Unavuta triga, inasikika "ka!" tu.* Usifungue bolti. Elekeza mtutu kwenye shabaha, ngoja nusu dakika, maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Kisha toa risasi utazame kitako chake. Kishimo kikiwa hafifu, ndani ya bolti kuna mafuta yaliyoganda. Isafishwe, iachwe karibu kavu, hasa kwa wenzetu wa Minnesota.

*Mlio umekuwa mdogo, "puf".* Simama hapohapo. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama ndani ya mtutu. Ondoa risasi zote, toa bolti, chungulia. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu utapasuka.

*Bolti ngumu kufunguka baada ya kupiga.* Linganisha maandishi ya kwenye ganda na ya kwenye mtutu. Yakilingana, safisha chemba. Ikiendelea na risasi za kampuni nyingine, mpelekee fundi.

*Bega linauma, na sasa unafumba macho kabla ya kupiga.* Nunua mpira wa kitako, tafuta risasi zilizopunguzwa nguvu, na mwombe rafiki akuwekee bunduki ikiwa na risasi au tupu bila kukuambia. Ikiwa tupu, mtikisiko wako utauona mwenyewe.

*Nyama ni halali?* Hilo muulize shehe wako. Wawindaji wetu wengi husema bismillahi wakati wa kufyatua, na wakimkuta bado hai humchinja. Beba kisu kikali kwa vyovyote.

*Jibu limekuja "subiri".* Wenye majina kama Mohamed Ali, Juma Hassan au Fatuma Said hukutana na hili mara nyingi, kwa sababu wanashiriki jina na maelfu. Si kukataliwa. Kwa sheria ya shirikisho, siku tatu za kazi zikipita bila jibu duka linaweza kukukabidhi, ingawa halilazimiki, na majimbo mengine husubirisha zaidi. Walio chini ya miaka 21 wana uchunguzi mrefu zaidi. Likikupata kila mara, omba FBI wakuweke kwenye orodha yao ya hiari. Utapewa namba ya kuandika kwenye fomu, ikutofautishe na majina-pacha. Ukikataliwa kabisa na unajua huna kosa, kata rufaa kwa maandishi. Usikimbilie duka la pili kujaribu bahati.

*Unahama au unaiuza.* Ukihamia jimbo jingine soma sheria za huko kabla ya kupakia gari, na njiani bunduki iwe tupu, kwenye sanduku lililofungwa, ndani ya buti. Ukiuza, uza kupitia duka na uhifadhi risiti. Na kuipeleka nyumbani kwa mjomba anayelinda shamba dhidi ya ngedere, sahau: bila vibali vya kutoa Marekani na vya kuingiza Tanzania au Kenya, utakamatwa kwenye uwanja wa ndege wa upande mmoja au mwingine.